Kutafuta Kazi ya Teknolojia na Sanaa Vermont: Niliyojifunza kwa Miaka Kumi

Kila inapofika mwezi wa sita, vijana wetu wa Winooski na Burlington, miji ya Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, wanapomaliza sekondari, simu yangu huanza kuita. Anayepiga huwa ni mzazi, mara nyingi mama, na swali lake halibadiliki: mwanangu anapenda kompyuta na kuchora, je, abaki hapa Vermont au nimpeleke Boston kwa mjomba wake? Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi mno, na kila mara nasahau jambo moja au mawili, ndiyo maana safari hii naliandika.

Nianze kwa kueleza nazungumza nikiwa nani. Nilizaliwa upande wa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kazi, kwa kuandika majina ya maduka na saluni kwa rangi ya mafuta juu ya mabati. Nilifika Vermont mwishoni mwa mwaka 2013, theluji ikiwa imekwisha kuanguka. Nilifanya usafi hotelini, nikawa mkalimani wa simu, na usiku nikajifunza usanifu wa michoro na utengenezaji wa tovuti kwa kompyuta iliyokuwa imetupwa na mwenyewe. Leo kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu, ingawa si yote peke yake, kama nitakavyoeleza.

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa ni udogo wa mahali penyewe. Kwa eneo Vermont inakaribia Rwanda, lakini Rwanda ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 mwaka 2022, na Vermont nzima ilihesabiwa watu 643,077 mwaka 2020. Burlington, mji mkubwa kuliko yote, una watu wasiofika 45,000, na makao makuu ya jimbo, Montpelier, yana watu karibu 8,000 tu. Waajiri wakubwa wa teknolojia wapo, lakini unaweza kuwahesabu kwa vidole. Pale Essex Junction kuna kiwanda cha chipu za kompyuta kilichoanzishwa na IBM mwaka 1957 na ambacho tangu 2015 ni cha GlobalFoundries. South Burlington wapo BETA Technologies, walioanza mwaka 2017, wanaounda ndege za umeme. Na Burton, kampuni ya mbao za kutelezea kwenye theluji iliyoanza mwaka 1977, huhitaji wachoraji na wapiga picha. Kijana akiniambia kwamba anasubiri kuajiriwa na mojawapo ya hizo, simkatazi kuomba. Ninachomkataza ni kukaa nyumbani akisubiri jibu.

Kazi nyingi za aina yetu huku hazina jina la teknolojia wala la sanaa. Zimejificha ndani ya kazi nyingine: ofisi ya mji inayotaka tovuti yake isomeke kwenye simu, zahanati inayohitaji mtu wa kusimamia kompyuta, jumba la makumbusho linalotaka picha zake za zamani ziingizwe kwenye mfumo, mkulima anayetaka kuuza jibini kwa njia ya intaneti. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayetangaza nafasi kwa jina utakalolitafuta wewe. Wengi hawajui hata kwamba wanachohitaji kina fundi wake, na utawafikia kwa kujulikana tu.

Mteja wangu wa kwanza wa kulipa nilimpata kwa namna hiyo. Alikuwa mzee mmoja mwenye shamba la miti ile ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, miti ambayo mwishoni mwa baridi hutobolewa, utomvu wake ukachemshwa kuwa sirapu. Zinahitajika lita 40 hivi za utomvu kupata lita moja ya sirapu, kwa hiyo chupa moja ni kazi kubwa, na mzee alitaka lebo inayofanana na kazi hiyo. Nilimkutia maktabani akihangaika na mashine ya kuchapisha. Nikamsaidia, tukaongea, akaniuliza nafanya nini. Nilimchorea lebo nzuri sana, nasema hivyo bila haya, yenye mlima, moshi na kibanda chake, naye akaagiza nakala 400. Zilipofika ndipo binti yake alipouliza mbona daraja la sirapu halikuandikwa. Sheria za Vermont zinataka kila chupa ionyeshe daraja lake, na madaraja ni manne, yanayopangwa kwa rangi na ladha, kuanzia ya dhahabu hadi nyeusi sana kupitia ile ya rangi ya kaharabu. Mimi sikuwa nimesoma chochote kuhusu hilo. Nilijua rangi zote za kompyuta, lakini rangi za bidhaa niliyokuwa nikiichorea sikuzijua. Nikachapisha upya kwa fedha zangu, na faida yote ikaenda na maji.

Hasara ile ilinifundisha kwamba mahali padogo mchoraji hawezi kuwa mchoraji tu. Jiji kubwa lina mtu wa kuchora, mtu wa kukagua sheria, mtu wa kupeleka kwa mchapaji na mtu wa kupokea simu ya mteja aliyekasirika. Huku hao wote ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mwanao programu ya nne ya kuchora, mfundishe kuuliza maswali shambani na dukani, na ahakikishe anaijua bidhaa kabla ya kuigusa kalamu. Yule mzee, kwa upande wake, hakuniacha. Kwa kuwa nililipa mwenyewe bila kuvutana, aliwatajia majirani wawili jina langu, na majirani hao wakanipa kazi ya misimu mitatu.

Na hapo niseme jambo linalowashangaza wageni. Tangu mwaka 1968 Vermont imepiga marufuku mabango makubwa ya matangazo barabarani. Unaweza kuendesha gari kutoka mpaka wa Massachusetts hadi mpaka wa Kanada usione hata moja. Kwa mtu kama mimi, niliyeanza maisha kwa kuandika mabango, ilikuwa kama kuambiwa kwamba chakula changu hakiliwi hapa. Baadaye nikaelewa kuwa marufuku ile inaisogeza kazi mahali pengine: kwenye lebo, vifungashio, vibao vidogo vya milangoni, tovuti na magazeti ya mtaa. Mfanyabiashara asiyeweza kupiga kelele barabarani hulazimika kuonekana vizuri mkononi mwa mnunuzi, na hapo ndipo anapokuhitaji.

Kuhusu nyumba, tafadhali nisikilizeni kwa makini, maana hapa wengi wameumia. Kodi za vijijini huonekana nafuu ukilinganisha na Burlington, lakini zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hili hazina lami, na mwezi wa nne theluji inapoyeyuka huwa matope yanayomeza tairi. Niliwahi kupanga nyumba nzuri kwenye barabara ya namna hiyo bila kuuliza habari za intaneti. Kupakia video ya dakika tatu kulichukua usiku kucha, na mara nyingi ilikatika alfajiri. Kwa miezi minane nilikuwa nikiendesha gari hadi nje ya maktaba ya mji, nikikaa ndani ya gari na blanketi miguuni, natuma kazi kwa mtandao wa maktaba iliyofungwa. Uliza kabla ya kutia sahihi mkataba kama faiba, yaani waya wa intaneti ya kasi, imepita mbele ya nyumba hiyo hasa, maana kusikia kwamba imefika kijijini hakutoshi. Katika sehemu kadhaa za jimbo miji yenyewe ndiyo iliyoungana kujijengea faiba. ECFiber, kwa mfano, ilizaliwa mwaka 2008 baada ya miji zaidi ya ishirini kupiga kura katika mikutano ya wakazi ifanyikayo kila mwaka mwezi wa tatu, na kuna bonde ambalo limeunganishwa vizuri kuliko viunga vya miji ya maana.

Mikutano hiyo ya mwezi wa tatu nendeni, hata kama hamna haki ya kupiga kura. Hapo utajua nani anajenga nini na nani analalamikia tovuti gani.

Sasa fedha. Kati ya wenzangu wanaofanya kazi za ubunifu, ni wachache sana wenye mshahara mmoja unaotosha. Mimi mwenyewe nina vijito vitatu: wateja wa kudumu wa tovuti, michoro ya msimu, na Kiswahili. Malipo ya kujitegemea huja bila kukatwa kodi, na kijana huyaona makubwa hadi inapofika mwezi wa nne. Serikali ya Marekani hudai kodi ya anayejiajiri, asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato, na hutaka ulipe mara nne kwa mwaka. Mwaka wangu wa kwanza sikuweka kitu kando, nikauza kamera ili nilipe. Siku hizi theluthi moja ya kila malipo huenda kwenye akaunti nyingine kabla sijaigusa.

Nimetaja Kiswahili, na vijana wetu hukidharau. Shule na hospitali za hapa zinawahudumia watu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, na wakati wa Uviko-19 jamii za wahamiaji zilitengeneza video za afya kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Karatasi nyingi nilizoletewa nizipange vizuri zilikuwa zimetafsiriwa na mashine, zikiwa na maneno ambayo mama wa Fizi, kule Kongo, hangeyaelewa hata ukimsomea. Mtu anayejua kuandika Kiswahili safi, kurekodi sauti yake bila mwangwi na kupanga ukurasa ana kazi ambayo mchoraji wa Boston hawezi kumnyang'anya.

Shule sitakaa nazo sana, kwa kuwa kila mzazi anaziuliza kwanza na hazistahili kuwa za kwanza. Champlain College ya Burlington hufundisha utengenezaji wa michezo ya kompyuta. Center for Cartoon Studies, iliyofunguliwa mwaka 2005 White River Junction, hufundisha katuni na hadithi za picha katika mji mdogo kabisa wa reli. Zote zinagharimu. Kijana ajaribu kwanza mwaka mmoja wa kazi ndogondogo, aone kama bado anaipenda kazi yenyewe baada ya kumtafuta mteja anayechelewa kulipa.

Wapo wanaopaswa kuondoka. Anayetaka kutengeneza filamu kubwa, au anayehitaji kukaa chini ya bingwa mmoja amfundishe kila siku, huku hatampata, na ukimbana utamharibu. Wengine wameondoka miaka mitano na kurudi na wateja wao ndani ya kompyuta, wakiwa na mapato ya jiji na bustani ya mboga.

Mama mmoja wa Winooski alinisikiliza haya yote mwaka huu bila kunikatiza, nikadhani simu imekufa. Kisha akauliza, "Sasa baba, huyo mzee wa sirapu bado anahitaji mtu?" Nikamwambia mzee amepumzika, ila binti yake ndiye anayeendesha shamba, na anatafuta mtu wa kumpigia picha utomvu utakapoanza kutiririka. Kijana aje na kamera yake, nikamwambia, na viatu vya mpira vinavyofika magotini.