Kabla hujanunua luti: maneno ya mpiga udi

Saa nane za usiku nikasikia "paa!" sebuleni. Nilidhani glasi imeanguka. Kumbe kile kijiti kinachofungiwa nyuzi za luti yangu, ala ya nyuzi ya Ulaya ya kale, kimeng'oka na kuchukua kipande cha ubao. Luti yenyewe nilikuwa nayo wiki mbili tu.

Kosa langu. Nimekulia Unguja nikipiga udi, na nilipohamia Ujerumani nikaiona luti nikasema, huyu si mgeni, ni ndugu. Undugu upo kweli. Jina lake ni hilohilo *al-ud* la Kiarabu, lililopita Andalusia likawa *laúd* kwa Wahispania na *Laute* kwa Wajerumani. Tumbo la mviringo ni lilelile, na kichwa kimekunjwa nyuma vilevile. Basi mimi, kwa kujiamini, nikaifunga nyuzi nene za gitaa, maana zilikuwa rahisi dukani. Ubao wa uso wa luti una unene wa milimita moja na nusu, mbili ukizidi. Ungestahimili vipi? Luti inataka nyuzi nyepesi: utumbo wa kondoo kama zamani, au nailoni iliyopimwa kwa urefu wa chombo chenyewe. Muulize fundi, usikisie kama nilivyokisia mimi.

Kilichonitesa zaidi ni mkono wa kulia. Hadi karne ya 15 Wazungu walikuwa wakipiga luti kwa unyoya, kama sisi na risha yetu. Karne hiyo ilipoelekea mwisho wakaanza kuuacha na kutumia vidole, na hapo ndugu hawa wawili wakaachana njia. Kwa risha unaimba na sauti moja. Kwa vidole unaweza kuendesha sauti mbili au tatu kwa pamoja, kila moja na safari yake. Sasa wewe mpiga udi unayekuja na mkono uliozoea kurusha risha, jitayarishe kuanza upya. Kidole kidogo kinatua juu ya ubao na kubaki hapo. Kwa muziki wa karne ya 16, kidole gumba kinapita ndani, chini ya vidole vingine. Nyuzi karibu zote ni pacha pacha, ukigusa mmoja na kumwacha mwenzake utaisikia kasoro papo hapo. Na kucha, kata. Wengi wetu tunapiga kwa nyama ya kidole.

Shingoni kuna freti, nazo ni vipande vya utumbo vilivyofungwa kwa fundo, unaweza kuvisogeza kidogo. Udi hauna freti, na hizo ndizo zitakazokunyang'anya Rast na Bayati, makamu za Kiarabu zenye sauti zilizo katikati ya freti mbili. Mimi miezi ya mwanzo vidole vilikuwa vikitafuta zile sauti za katikati kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba aliyohama.

Wapiga gitaa, nyinyi mna bahati. Kabla hujatoa hata senti, legeza uzi wa tatu nusu toni, kutoka G hadi F#, kisha bana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya tatu. Umepata mpangilio wa luti ya karne ya 16: G, C, F, A, D, G. Tafuta tablatura (maandishi yanayokuonyesha uzi na freti ya kubana) ya John Dowland, mtunzi wa luti wa Uingereza, kaa nayo mwezi mzima. Ukichoka, umeokoa pesa nyingi.

Usipochoka, chukua luti ya pacha saba au nane. Watu watakuonyesha ile ya pacha 13 ya enzi za Bach, au teorbo, luti kubwa ambayo shingo yake ndefu haiingii kwenye teksi bila majadiliano. Ni nzuri, lakini za baadaye. Ile ya 13 ina nyuzi 24, maana mbili za juu hazina pacha, na mpangilio mwingine kabisa. Mwandishi wa muziki wa Hamburg, Johann Mattheson, alitania mwaka 1713 kwamba mpiga luti akifika umri wa miaka 80, basi 60 kati yake ameitumia kukaza nyuzi. Baridi ikiingia na hita ikiwashwa, utajua hakutania sana.

Tena usinunue, kodi. Lute Society, chama cha wapenzi wa luti cha Uingereza, huwakodishia luti wanaoanza. Luti za bei rahisi za mtandaoni, kama yangu ya kwanza, mara nyingi ni nzito kama meza, na nyuzi zimekaa juu mno.

Jambo la mwisho ni sauti: ni ndogo. Niliwahi kuipeleka kwenye harusi ya rafiki, nikapiga nyimbo tatu, na waliosikia ni mimi na mtoto aliyekaa miguuni pangu. Ilitengenezwa kwa chumba cha watu wachache waliokaa kimya. Ukitaka kelele kuna shomu, ndugu wa zumari letu, ila hiyo Ujerumani itakuletea polisi. Mimi napiga luti hadi usiku wa manane, na juzi jirani wa chini aliniuliza kwa huruma kwa nini niliacha muziki.