Re: Kifaransa kwa video shule nne: mkuu, weka hiyo kamera chini kwanza

Mkuu simama hapohapo, usilipie kitu. Nimeona umeandika mna shule nne za sekondari, mwalimu wa Kifaransa mmoja tu, mnataka awafundishe wote kwa Zoom na hela yote inaenda kwenye kamera zinazogeuka zenyewe kumfuata anayeongea. Nilishapita hukohuko mwenzio, shule tatu, Kidato cha Kwanza, na hela ilikuwa ya wazazi.

Jamaa aliyetuuzia alikuja na tai kwenye jua la Februari, akavuta picha mpaka chunusi za mtoto wa dawati la nyuma zikaonekana, tukapiga makofi kama mazuzu. Tulipouliza sauti akasema maiki imo humohumo kwenye kamera, hamna shida. Hamna shida!! Watoto hamsini, bati juu, madirisha wazi, maiki moja ukutani mbele kabisa, na hapo unafundisha LUGHA, siyo kuchora ramani.

Nikisema rudieni, shule tatu zinaitikia kila moja kwa wakati wake, halafu Zoom ina kile kitu cha kupunguza kelele, na kwake watoto hamsini wakiitikia ni kelele tu, inawakata katikati ya neno. Inayokufa mapema ni s maana ile ni upepo mtupu. Sasa Kifaransa samaki ni poisson, unatamka s, sumu ni poison, unatamka z. Mwezi mzima nasikia "pwa... on", mimi huku très bien, très bien. Siku nimeenda shule moja kwa miguu yangu, binti kasimama anajiamini kabisa kanieleza kwao wanakula sumu kila Ijumaa, na nyuma yake darasa zima hivyohivyo. Na vema niliwapa mimi mwenyewe. Kuwanyoosha ndimi kulikula muhula mzima, hiyo ndo bei halisi ya ile kamera.

Kwa hiyo sauti kwanza, picha utaongeza ukibakiza chenji. Kila shule maiki ya waya ya kushika mkononi inayopita dawati kwa dawati, mwalimu avae hedseti, shule moja inaongea na nyingine zote zimezimwa maiki. Na jaribu kabla ya kununua: mtoto wa nyuma kabisa asome maneno kumi, mwalimu upande wa pili ayaandike, wakikosana matatu hujapata darasa hapo, una sinema. Intaneti ikilegea zima video mbakie na sauti, inakula kidogo sana, kipindi kinaendelea.

Uliuliza na ratiba sijui na mitihani... dah, ile Zoom ya bure inakata dakika 40 na kipindi chenyewe dakika 40, toa za "mnanisikia?" uone unabaki na ngapi.

Kamera yangu iko stoo, inageuka vizuri tu. Ukiwa bado unaitaka njoo PM tuongee bei.