Sinema ya nje kurudiwa upesi upesi: nani anaihitaji?

Mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya Wamarekani kurudia sinema ya nchi nyingine wakati ile ya kwanza bado mbichi, haijamaliza hata miaka mitatu. Nimeendesha kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda, kwa miaka mingi, na picha za namna hiyo nimezionyesha nyingi. Nyingi kati yake hazikuwa na haja, na nadhani sisi wa huku tunaliona hilo waziwazi kuliko hata wanaozitengeneza.

Sababu inayotolewa siku zote ni lugha. Mmarekani, wanasema, hataki kusoma maandishi ya chini. Bong Joon-ho, mwongozaji wa Korea Kusini, alipopokea tuzo ya Golden Globe kule Marekani kwa ajili ya sinema yake Parasite, Januari 2020, aliwaambia wakivuka kizuizi hicho cha inchi moja watakutana na sinema nzuri tele. Ni neno zuri na namheshimu sana, lakini kwangu kizuizi kile ni kikubwa kuliko inchi moja. Televisheni iko mbele kabisa, benchi la mwisho limegusa mlango, mchana jua linapenya kwenye nyufa za mbao. Wateja ni wapakizi, wabadilisha fedha, madereva wa malori wanaosubiri karatasi za forodha. Wapo wasiojua kusoma, na wapo wanaojua lakini wakimaliza mstari mmoja wa pili umeshapita. Picha ya Kikorea yenye maandishi tu, dakika ya ishirini mabenchi yalikuwa yameanza kuwa wazi.

Sasa sikiliza: picha ya Kimarekani isiyotafsiriwa, waliikimbia vilevile! Kiingereza cha wahuni wa Boston, kinasemwa mbiombio huku mtu anatafuna, hata mwalimu wa sekondari aliyekuwa akija jioni kilikuwa kinampita. Kwa mteja wangu Seoul ni ng'ambo na Boston ni ng'ambo. Kilichomfanya akae hadi mwisho ni sauti ya VJ.

Kwa wasioishi huku: VJ ni mtafsiri anayeweka sauti yake juu ya sinema, anasema wanachosema wahusika, anaeleza sheria za nchi ile, anampa stelingi jina la kwetu, anakuonya kwamba huyu anayecheka ndiye adui. Kampala wako kina VJ Jingo na VJ Junior wanaofanya kwa Kiganda. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, yuko DJ Afro anayefanya kwa Kiswahili. Busia tulipata zote, ikawa picha moja ninayo kwa sauti mbili na ninachagua kwa kuangalia nani ameketi. Malori ya Mombasa yakiwa mengi, naweka Kiswahili. Siku ya soko, wanawake na vijana wa ndani wakijaa, naweka Kiganda. Kazi ile inafanywa na mtu mmoja mwenye kompyuta na kipaza sauti, na inatoka haraka. Hollywood wanatatua tatizo hilohilo kwa mamilioni ya dola, na mara nyingi hawalitatui.

Tazama Oldboy. Ya Mkorea Park Chan-wook ni ya 2003. Mmarekani Spike Lee akairudia 2013 kwa bajeti ya dola milioni 30 hivi, ikaingiza duniani kote chini ya milioni 6. Niliionyesha ile ya Korea kwanza, ikiwa na VJ. Pale kwenye ujia mrefu, stelingi ana nyundo tu mkononi na kundi zima linamjia, kamera inamfuata kwa ubavu bila kukata, anaanguka, anainuka, kisu kimebaki mgongoni. Hata VJ alipunguza maneno. Watu walisimama juu ya mabenchi. Baadaye nikaweka ya Marekani, nayo ina ugomvi wake wa nyundo, mrefu, umepangwa vizuri kwa kweli, na dereva mmoja akauliza kwa sauti, "Mwenye kibanda, hii si tuliiona? Yule mwenye nywele timtim ameenda wapi?" Hakuwa anabagua mtu. Alikuwa amempenda yule wa kwanza, amemwonea huruma, na sasa anaambiwa huzuni ileile ni ya mtu mwingine.

Hoja ya lugha inaanguka kabisa kwenye Speak No Evil. Ile ya Denmark ya 2022, ya Christian Tafdrup, sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kiingereza, kwa sababu familia mbili zinazokutana ni za Wadenmaki na Waholanzi na Kiingereza ndicho wanachoelewana. Miaka miwili tu, 2024, ikatoka ya Marekani ikiwa na mwigizaji James McAvoy. McAvoy anatisha kwelikweli, simnyimi haki yake. Lakini walichobadilisha zaidi ni mwisho, wakaulainisha. Picha ya kwanza ilikuwa na ujasiri wa kukuacha umekaa na uchungu. Kuuondoa uchungu ule ni kuiondoa picha yenyewe, na hilo linaniudhi hadi leo.

Siyo kwamba nakataa zote. The Departed ya 2006 imetokana na Infernal Affairs ya Hong Kong ya 2002, na Martin Scorsese hakunakili. Aliichukua hadithi ya jasusi wa polisi ndani ya genge na jasusi wa genge ndani ya polisi akaipanda kwa Waairishi wa Boston, na ukoo wao, kanisa lao na chuki zao, ikaota kitu kingine. Ilimpa Oscar yake ya kwanza ya uongozaji.

Ninayoipenda kuliko zote ni CODA ya 2021. Asili yake ni La Famille Bélier ya Ufaransa, 2014: binti anayesikia katika nyumba ya viziwi, ana sauti ya kuimba ambayo wazazi wake hawawezi kuisikia. Kule Ufaransa baba na mama waliigizwa na watu wanaosikia, na viziwi walilalamika, kwa haki. Sian Heder aliporudia, baba, mama na kaka wote wakawa viziwi kweli. Ufugaji wa familia ile ya Ufaransa ukawa uvuvi wa Gloucester, Massachusetts, Marekani. Troy Kotsur, baba mle ndani, akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi 2022. Kuna mahali anamfundisha rafiki wa kiume wa binti yake habari za kondomu kwa mikono mitupu. Kibandani walicheka mabenchi yote kabla ya mtafsiri kufungua mdomo. Hapo nikaona haja ya kurudia, maana kosa la kwanza lilirekebishwa na watu wenyewe wakapewa nafasi yao.

Wahindi nao wana desturi yao. Drishyam ilitoka kwa Kimalayalam 2013, na kufikia 2015 ilisharudiwa kwa Kikannada, Kitelugu, Kitamil na Kihindi, kila upande na nyota wake. Kule ni nchi moja yenye masoko mengi, naelewa. Na ni picha inayonigusa, kwa sababu shujaa wake ni mwenye biashara ya kebo aliyeacha shule mapema, elimu yake yote ameipata kwa kutazama sinema, na kwa elimu hiyo anailinda familia yake dhidi ya mkuu wa polisi.

Hiyo wakiirudia Uganda nitakuwa wa kwanza kulipa. Mfanyeni mwenye kibanda wa Busia. Tiketi za basi na risiti za hoteli anazojitetea nazo ziwe mihuri ya mpakani na wateja wanaoapa kwamba jana alikuwa anawaonyesha picha. Polisi wahoji kwa Kiingereza, majirani wajibu kwa Kisamia na Kiswahili, kila mmoja akiwa na sababu ya kusema nusu ya anachokijua. Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa mwongozaji Nabwana I.G.G., wameshaonyesha tangu 2010 kwamba picha za mapigano zinaweza kutengenezwa na vijana wa mtaani kwa pesa kiduchu. Vijana wa huku mpakani mnaoandika miswada, kibanda changu kipo, njooni mpigie picha humo, sitatoza kitu.