Wakija wanaotafuta mtoto: kwa muuguzi na daktari mpya wa Amu (Lamu)

Mtu anayetafuta mtoto huku kwetu haanzii hospitali. Akikufikia, ameshakunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani), ameshakandwa tumbo na mkunga, ameshachemsha mizizi ya chango, na pengine ameambiwa ana jini mahaba. Usicheke, usigombe. Kombe la zafarani na marashi mwache nalo. Ulizia zaidi dawa za kuingiza ukeni na zile za kunywa asizojua zina nini, umwombe aziweke kando mpaka mmalize vipimo.

Mara nyingi anayekuja ni mke, mavyaa wake, yaani mama mkwe, yuko pembeni, na mavyaa ndiye anayejibu maswali. Hatolewi kwa ukali. "Mama, tuwie radhi kidogo, nimpime mwanao presha, kisha nitakwita." Akishatoka ndipo utakaposikia habari ya mimba iliyoharibika kabla ya ndoa hii, homa na maumivu ya tumbo baada ya kujifungua mara ya kwanza, au uchafu uliotoka kwa miezi bila dawa. Mume naye mpe faragha hiyo hiyo. Na analokwambia mmoja lisimfikie mwingine bila idhini yake. Mji huu ni wa vichochoro: neno likitoka Langoni asubuhi, adhuhuri liko Mkomani. Wapo pia waliooana mwaka mzima na tendo lenyewe halijakamilika, kwa maumivu au kwa woga. Uliza wazi, kwa lugha ya heshima, kabla hujaandika kipimo chochote.

Halafu uliza mume yuko wapi. Utaambiwa yuko baharini, au "yeye mzima, ana watoto kwa mke wa kwanza." Watoto wa miaka kumi iliyopita hawasemi lolote juu ya manii ya leo. Kwa takriban nusu ya wenzi wasiopata mtoto, upande wa mume umo ndani yake, peke yake au pamoja na wa mke. Na nguvu za kiume si uzazi: mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Mwambie hivyo mapema, kwani wengi hukataa kupimwa wakidhani unatilia shaka uanaume wao. Mimi huwaambia kipimo chake ni kikopo kimoja cha manii, cha mkewe ni eksirei ya mirija na safari ya Mombasa, basi tuanze na chepesi. Aghalabu hukubali.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale miezi 12 inapopita watu wakikutana bila kinga na mimba haijaingia. Mke aliyevuka miaka 35 hangojei mwaka, miezi 6 inatosha kuanza kumchunguza. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na hali hii wakati fulani maishani. Wape hesabu hiyo, inapunguza aibu. Lakini huku kwetu, kabla ya kuhesabu miezi, hesabu siku walizolala nyumba moja. Mvuvi aliyekwenda dago (kambi ya wavuvi), baharia, kijana aliyeajiriwa Saudia: hawa wanaweza kuwa na ndoa ya miaka mitatu na miezi minne ya kuwa pamoja. Yai la mwanamke haliishi hata siku nzima likishatoka, na mbegu huishi hadi siku tano hivi, kwa hiyo siku zenye faida ni kama sita tu kila mwezi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 14, mwenye siku 35 ni kama ya 21, si ya 14. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama naye, kisha mumewe apange safari zake kwa alama hizo. Nimeona mimba zikiingia kwa kalenda tu, bila kidonge.

Sasa kikopo. Alinijia kijana wa Siyu, kikopo chake kimezikwa ndani ya kasha la barafu pamoja na samaki wawili, changu. Aliona samaki huhifadhika hivyo, na hiki je? Manii hayataki barafu wala jua. Hukaa karibu na mwili, mfukoni au kwapani, na yafike maabara ndani ya saa moja. Kutoka kisiwa cha Pate ni shida mashua kukufikishia kwa muda huo, na maji yakitoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki. Basi mwambie aje alale Amu kwa jamaa zake, au atoe hapo hapo hospitali kwenye chumba chenye komeo. Awe amejizuia siku 2 hadi 7, si chini wala zaidi. Anayekwazwa na dini kujitoa kwa mkono aulizie mpira maalumu usio na dawa, autumie na mkewe. Kondomu ya kawaida inaua mbegu. Mwezi wa Ramadhani usimpangie mtu kipimo hiki, ngoja Idi ipite.

Karatasi ikirudi, usiisome kama matokeo ya mtihani. Kiwango cha mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazotembea, ni viwango vya chini vya wanaume waliotia mimba. Aliye chini yake si lazima awe hazai. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuharibu karatasi ya leo. Rudia baada ya miezi mitatu. Yakibaki vibaya, mpime mwenyewe, amesimama, kwa mikono yako: utagusa mishipa iliyovimba juu ya korodani kama fundo la minyoo, au korodani ndogo, au busha, ambalo, kama matende, bado halijatoweka pwani hii. Uliza matubwitubwi ya ukubwani, operesheni ya henia, sigara, na unga. Heroini hushusha homoni za kiume, na Malindi na hapa vijana wengi wameumia nayo. Uliza pia sindano za kujenga misuli: testosteroni ya kudunga huzima korodani zisitengeneze mbegu, na bahati mbaya wapo wanaouziwa hiyo hiyo kama dawa ya kupata mtoto.

Upande wa mke, ninachokikuta zaidi ni mirija iliyoziba, na chanzo huwa maambukizi ya zamani: klamidia, kisonono, au uchafu ulioingia baada ya mimba kuharibika au kujifungua. Klamidia haina kelele, wanawake wengi hawakuhisi kitu. Ukiikuta leo, tibu wote wawili; mume akiwa dago, mke atibiwe sasa, naye mume akirudi atibiwe kabla hawajakutana, wasije wakaambukizana upya. Aliyekulia bara, Witu, Mpeketoni au upande wa Tana, muulize kama utotoni alioga mtoni au ziwani na kukojoa damu. Kichocho hushambulia pia mlango wa uzazi na mirija. Prazikwanteli inaua minyoo, makovu hayafuti.

Wa pili ni wale yai halitoki. Hedhi inakuja baada ya miezi miwili, mitatu, ndevu zinaota kidevuni, mwili unanenepa: fikiria ovari zenye vifuko vingi, na hawa hupata afueni kwa kupunguza uzito na kwa vidonge vya kuamsha yai kama letrozoli. Maziwa yakitoka na hana mtoto, pima prolaktini (homoni ya maziwa) na thairoidi (tezi ya shingoni), na angalia kama anatumia dawa za ugonjwa wa akili, baadhi yake ndizo hufanya hivyo. Maumivu ya hedhi yanayomlaza chini kila mwezi msiyaite ya kawaida, huenda ni endometriosisi, utando wa nyumba ya mtoto kuota nje yake.

Faibroidi, uvimbe wa nyumba ya mtoto usio saratani, husingiziwa mengi. Skani ikionyesha moja, mtu huona ndiyo sababu, na wanawake wengi huzaa nazo. Ile inayobana ndani ya nyumba ya mtoto ndiyo ya kushughulikiwa. Sindano ya uzazi wa mpango nayo hulaumiwa sana na mavyaa: kweli Depo huchelewesha mimba, miezi 9 au 10 hivi tangu sindano ya mwisho, lakini haifungi kizazi.

Wataulizia watoto wa maabara, yai na mbegu zikikutanishwa nje ya mwili, na kama ni haramu. Kenya wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Fatwa ya 1980 ya Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Misri, iliruhusu, kwa sharti mbegu iwe ya mume na yai la mke ndani ya ndoa yao. Lililobaki wakamuulize shehe wao. Wewe waambie gharama mapema, wasije wakauza shamba kwa kutojua.

Mke anayengoja mpe asidi foliki, mikrogramu 400 kila siku, toka leo. Na ukimwandikia rufaa ya Mombasa, eksirei ya mirija hufanywa baada ya damu kukatika na kabla yai halijatoka, kwa wengi kati ya siku ya 6 na ya 10 tangu hedhi kuanza. Andika kwenye barua tarehe ya hedhi na majibu ya manii ya mume, umwambie apige simu idara ya eksirei siku ya kwanza anayoona damu, ndipo akate tiketi. Bila hayo atavuka Mokowe alfajiri, apande basi siku nzima, na aambiwe arudi mwezi ujao.