Maswali na majibu: hesabu nakala kabla hujakata

Maswali ya kuhariri jeni za matunda yenye seti nyingi za kromosomu yameongezeka, na mengi yanatokana na kosa lilelile: kusahau kwamba kila seti hubeba nakala yake ya jeni. Nimeanza na lile linalolionyesha wazi kuliko yote.

Swali: Nilibuni RNA elekezi (kipande kinachoielekeza CRISPR, zana ya kuhariri jeni, mahali pa kukata) kwa kutumia jenomu, yaani vinasaba vyote, ya stroberi pori. Kwenye stroberi ya biashara, baadhi ya nakala za jeni zimekatwa na nyingine hazikuguswa. CRISPR ina shida gani?

CRISPR haina shida. Ulisoma mmea mwingine. Stroberi pori, *Fragaria vesca*, ina kromosomu 14 katika seti mbili. Stroberi ya biashara ina 56 katika seti nane, zilizorithiwa kutoka kwa mababu zaidi ya mmoja, na ukoo wa vesca ni sehemu tu ya urithi huo. Jenomu ya aina ya Camarosa ilichapishwa mwaka 2019, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kubahatisha kwa kutumia ndugu yake wa porini.

Hata Camarosa haitoshi kama unafanyia kazi aina nyingine. Soma jeni yako, kutoka kwenye mche wako, nakala zote. Kisha weka zile herufi 20 za RNA elekezi chini ya kila nakala na ulinganishe herufi kwa herufi. Tofauti moja upande ulio karibu na PAM, yaani herufi chache kando ya shabaha ambazo Cas9, protini inayokata, huzitafuta kwanza, inaweza kuzuia mkato. Ikiwa tofauti imeangukia zile G mbili za PAM yenyewe, Cas9 ya kawaida kwa kweli haitaigusa nakala hiyo. Upande wa mbali huvumilia zaidi. Ndiyo maana elekezi moja hukata nakala tano na kuziruka tatu, na tatu hizo hufanya kazi kiasi kwamba mmea unaonekana haukuguswa.

Kagua pia vianzishi vyako vya PCR, vile vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili jeni ili isomwe. Kianzishi kisichoshika nakala fulani huifanya isionekane kabisa kwenye majibu, nawe utatangaza kwamba umekata zote. Kosa hili linanikera kuliko yote, kwa sababu wenzako watajenga kazi za miaka juu ya tangazo hilo.

Swali: Tikitimaji lisilo na mbegu limehaririwa jeni?

Hapana, na swali hili limeulizwa mno. Ni zao la kupandisha tikiti lenye seti nne na lile lenye seti mbili. Linabaki na seti tatu na kushindwa kutengeneza mbegu kamili. Mbinu hiyo ilibuniwa Japani miongo mingi kabla ya CRISPR.

Swali: Tumelenga jeni ya PDS kwenye ndizi na kupata majani meupe. Je, sasa tuhamie jeni ya ugonjwa?

PDS ni jeni ya majaribio. Ikizimwa, mmea hupoteza rangi ya kijani. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu, na nakala moja nzima kwa kawaida hutosha kuweka ukijani, kwa hiyo weupe ni ushahidi mzuri kwamba nakala zote zimezimwa. Lakini tazama jani kwa karibu. Ukiona mstari wa kijani kando ya sehemu nyeupe, mche wako una seli za aina mbili au zaidi, na chipukizi lake linaweza kutoka upande wowote. Kwenye jeni ya ugonjwa hutakuwa na rangi ya kukuonya. Utahitaji kusoma vinasaba kutoka sehemu kadhaa za mmea, tena baada ya kuuzalisha upya.

Swali: Elekezi yangu hukata kwa 80%. Si inatosha?

Kwa nakala mbili, pengine. Kwa nane, zidisha 0.8 kwa yenyewe mara nane: unabaki na takriban 17%. Tena, karibu theluthi moja ya mabadiliko madogo huongeza au kupunguza herufi tatu tatu, hivyo usomaji wa jeni hauvurugiki, na protini huweza kuendelea kufanya kazi. Ukihesabu hilo pia, unashuka chini ya 1%. Hii ni hesabu ya karatasi. Katika hali halisi, seli iliyopata Cas9 ya kutosha mara nyingi hukatwa nakala nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, panga miche mingi, na tumia elekezi mbili au zaidi kwa jeni moja.

Swali: Je, kula matunda yenye kromosomu nyingi kuna madhara?

Hakuna. Umekuwa ukiyala maisha yako yote.

Swali: Tutaiondoaje jeni ya Cas9 baada ya kazi kwisha?

Kwenye mazao ya mbegu, unapandisha na kuchagua watoto wasioirithi. Ndizi isiyo na mbegu haikupi njia hiyo. Stroberi hupandishwa, lakini watoto hupoteza mchanganyiko ulioipa aina hiyo soko. Basi amua mwanzoni: ingiza protini ya Cas9 ikiwa tayari imeshikana na RNA, au tumia njia ya muda isiyobaki kwenye jenomu. Ugumu wa kuingiza protini ni kwamba mara nyingi hufanywa kwenye seli moja isiyo na ukuta, na ni lazima uoteshe mmea mzima kutoka kwayo. Ukiiacha Cas9 ndani, inaweza kuendelea kukata, na nchi nyingi zitauhesabu mmea wako kuwa na vinasaba vya kigeni.

Swali: Wingi wa nakala una faida yoyote kwa mhariri?

Ipo. Si lazima uzime zote. Ukipunguza nakala za jeni inayolainisha tunda, unaweza kupata ugumu wa kiasi badala ya tunda lisiloiva vizuri. Tena kuna ndizi aina ya Gonja Manjaya, ambayo seti yake ya kromosomu iitwayo B hubeba vinasaba vya virusi vya michirizi, vinavyoamka mmea ukikosa maji. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa Nairobi walivikata, na 75% ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipobanwa na ukame. Seti hiyo ya B ndiyo wazalishaji walikuwa wakiikwepa kwa sababu ya virusi hivyo, ingawa imebeba uvumilivu wa ukame wanaoutafuta.