Heksi: acha kugusanisha kete

Mgeni wa heksi, mchezo wa ubao wa watu wawili, utamjua kwa kete zake: amezipanga zikigusana kama shanga, halafu anashangaa kuzibiwa njia na mtu ambaye kete zake zimetawanyika ubaoni kama zilizomwagwa.

Kanuni zenyewe ni fupi. Ubao una umbo la almasi na vyumba 121 vya pembe sita, yaani 11 kwa 11. Pande mbili zinazotazamana ni za nyekundu, mbili zilizobaki za bluu. Kwa zamu, kila mmoja anaweka kete moja kwenye chumba chochote kilicho wazi. Kete ikishakaa haihami wala hailiwi. Anayeunganisha pande zake mbili ameshinda. Ubao hauhitajiki kununuliwa: Piet Hein wa Denmark, mbunifu wa mchezo huu, alipoutambulisha gazetini mwaka 1942, watu waliucheza kwa karatasi na kalamu, na njia hiyo inafaa hadi leo.

Sare haipo. Njia pekee ya kumzuia mwenzako moja kwa moja ni kuvuka wewe, kwa hiyo usigawe zamu zako kuwa za kujilinda na za kushambulia. Kete nzuri hufanya yote mawili.

Sasa daraja, ambalo ndilo moyo wa mchezo. Weka kete mbili zisizogusana, lakini zenye vyumba viwili vitupu katikati yao ambavyo kila kimoja kinagusa kete zote mbili. Adui akiingia kimoja, wewe unajaza cha pili, na kete zimeungana. Kete iliyo safu ya pili kutoka ukingo wako nayo imeshafika, mradi vyumba viwili vya ukingoni inavyovigusa viko wazi. Piga hesabu: kete tano tu, safu za 2, 4, 6, 8 na 10, kila moja ikiunganishwa na inayofuata kwa daraja, zinavuka ubao mzima. Ubao unaonekana mtupu, kumbe mchezo umekwisha.

Daraja huvunjika pale madaraja mawili yanapochangia chumba kimoja kitupu. Adui akikaa hapo anatishia yote mawili kwa kete moja, nawe unaokoa moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuliamini daraja, angalia kama vyumba vyake viwili ni vyake peke yake.

Kuzuia kwa kujibandika mbele ya kete ya mwenzako ni kosa la kila siku; anakuzunguka kwa hatua moja. Mzuie kwa mbali, safu mbili au tatu mbele yake kuelekea ukingo wake, ili atakapofika uwe umeshaweka kete ya pili ya kumpokea.

Anayeanza ana faida kubwa. John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyeubuni mchezo huu kivyake miaka michache baada ya Hein, alithibitisha kwamba daima ipo njia ya ushindi kwa anayeanza, ingawa uthibitisho hauonyeshi ni ipi. Ndiyo maana hutumika kanuni ya kubadilishana: mmoja anaweka kete ya kwanza, mwingine anaamua kama ataichukua iwe yake au ataendelea na rangi yake. Ukiiweka katikati, hesabu kwamba imeshanyakuliwa. Anza karibu na ukingo.

Mwisho, ngazi, inayowaliza wengi. Wewe uko safu ya pili, adui anakuziba safu ya kwanza, unasogea, anakuziba tena. Mkiendelea hivyo hadi pembeni, yeye ndiye anayefaidika, maana kete zake za safu ya kwanza zinamfikisha kwenye upande wake. Ngazi inafaa tu ukiwa na kete yako mbele, iliyokwisha kushika ukingo. Iweke mapema, kabla ngazi haijaanza, tena kwa hatua inayomlazimisha ajibu kwingine.