Ukipata picha ya zamani isiyo na jina, igeuze kwanza

Wengi tukishika picha ya enzi ya Malkia Victoria macho huenda moja kwa moja kwenye uso. Anza na nyuma. Huko ndiko mpiga picha alikochapa jina na mtaa wa studio yake, na mara nyingine kuna namba iliyoandikwa kwa mkono.

Picha hizi zilizobandikwa kwenye kadi ndogo, kama sentimita 6 kwa 10, zilienea baada ya mpiga picha Mfaransa Disdéri kupata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kuzitengeneza mwaka 1854. Studio zilihamahama sana, kwa hiyo anwani inakupa tarehe. Maktaba nyingi za Uingereza zina vitabu vya zamani vya orodha ya wafanyabiashara wa mji. Angalia studio yako inaanza kuonekana mtaa ule mwaka gani na inatoweka lini. Kisha linganisha na mavazi: sketi pana kama kengele ni za miaka ya 1860, mikono iliyotuna mabegani ni ya katikati ya miaka ya 1890. Ila mavazi peke yake yasikuamulie. Mtu wa kipato kidogo alivaa gauni moja miaka nenda rudi.

Namba nayo usiidharau. Mpiga picha Camille Silvy, aliyekuwa na studio mtaa wa Porchester Terrace, London, aliweka vitabu vyenye picha, namba na majina ya wateja wake, na leo viko National Portrait Gallery, jumba la makumbusho la picha za watu huko London. Humo yumo Sarah Forbes Bonetta, binti wa Kiyoruba aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto na kulelewa chini ya uangalizi wa Malkia. Silvy alimpiga picha mwaka 1862, mwaka alioolewa na James Davies mjini Brighton. Sarah alifariki kisiwani Madeira mwaka 1880. Bila vitabu kama vile, mama huyu angeweza kubaki "mwanamke Mwafrika" tu kwenye katalogi, na hilo linaniuma kila ninapokutana nalo.

Ukishapata jina, nenda kwenye sensa za 1861, 1871, 1881 na kuendelea: umri, kazi, alikozaliwa, aliishi na nani. Mimi napenda zaidi cheti cha ndoa. England na Wales zimesajili ndoa tangu Julai 1837, na cheti cha enzi ile kinataja baba wa kila upande na kazi yake, pamoja na mashahidi. Kwenye kimoja nilichoagiza, bwana harusi ana saini yake, bibi harusi ana alama ya X. Wasome na mashahidi pia. Mara nyingi ni ndugu, na jina lao huweza kukufungulia familia nzima.

Kabla hujamlipa muuzaji wa picha kama hiyo, muulize albamu ilimokuwa ilitoka nyumba gani, mji gani, na kama kadi nyingine bado anazo. Albamu huchanwa na kuuzwa kadi moja moja, na ukoo hutawanyika pale pale mezani. Alichokujibu kiandike kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye kadi.